Gauni la sikukuu chini ya buibui la kuazima

BARUA

Bibi, asalaam alaykum. Shikamoo.

Mimi ni mjane wa miaka 34, naishi Jang'ombe hapa mjini Unguja, chumba kimoja katika nyumba ya ukweni. Mume wangu alifariki huu mwaka wa tatu, akaniachia watoto watatu: msichana wa miaka 12, mvulana wa 9 na mdogo wao wa 5. Kazi yangu ni kupika. Ramadhani nauza mikate ya kumimina, nikishatoa mchele, nazi na mkaa naweza kubaki na 15,000 kwa siku. Miezi mingine mikate haitoki, nauza vitumbua asubuhi, napata 6,000, siku njema 7,000. Tunakula, alhamdulillahi. Kinachonikosesha usingizi ni sikukuu.

Mwaka jana, kumi la mwisho la Ramadhani, taasisi moja ilituita ukumbini sisi wenye mayatima. Watoto wakagawiwa nguo, wavulana kanzu nyeupe na wasichana magauni. Magauni yote kitambaa kimoja, kijani chenye maua meupe, kizuri kwa kweli. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka. Kisha watoto wakapangwa mstari, kila mmoja kashika mfuko wake kifuani, wakapigwa picha. Sikuona kibaya, mtu amekupa nguo utamkatalia picha?

Sikukuu mosi baada ya alasiri nikawavalisha wakubwa wawili, wakaenda Mnazi Mmoja na watoto wa ami yao. Hata saa haijapita binti karudi peke yake, ati tumbo linamuuma. Nikamwona kavaa buibui juu ya gauni, kalifunga hadi shingoni, jasho linamtiririka. Buibui lenyewe si lake, kaliazima kwa shoga yake nyumba ya njiani. Nikamchemshia maji ya tangawizi, nikamwacha alale. Baada ya wiki nzima ndipo mdogo wake akanieleza. Walipofika kwenye pembea waliwakuta wasichana wengine wenye gauni lile lile, na mtoto mmoja anayesoma naye chuo cha Qur'ani akasema kwa sauti, "Kumbe hii ndiyo sare ya mayatima!" Picha nayo ilikuwa imeshazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, mama wa mtoto huyo anayo kwenye simu.

Sikukuu pili wakaenda kwa ami yao kupokea mkono wa Idi. Walikuwa watoto wanane mbele yake. Sita, wa kwake na wa wifi yangu, kila mmoja akapewa 5,000. Wangu wawili wakapewa 1,000, wakaambiwa, "Nyinyi si mshapewa na wale watu." Silalamiki, bibi, ndiye anayetulipia umeme. Lakini kijana wangu alirudi na ile noti mkononi, akaniambia, "Mama, wenzetu zambarau, sisi bluu." Basi, hakusema zaidi.

Sasa Idi imebaki mwezi na nusu. Wifi yangu ametangaza kwamba mwaka huu watoto wote wa ukoo wavae sare, kitambaa na ushonaji 35,000 kwa mtoto, na mimi ninao watatu. Kijana kaniambia, "Mama, mwaka huu tuseme tunaumwa." Kuna mwanamke mtaani anakopesha, hii mikopo wanayoiita kausha damu. Anakupa 150,000, unarejesha 6,000 kila siku kwa siku 30. Nimepiga hesabu: sare 105,000, inabaki 45,000 ya viatu na pesa ya pembea. Na wale wa taasisi wameshapiga simu, wanataka majina ya watoto.

Nikope? Niwape majina? Au tukae ndani milango imefungwa mpaka sikukuu nne ipite?

Mama Watatu, Jang'ombe


JAWABU

Waalaykum salaam, mwanangu. Marahaba.

Mkopo kwanza, maana huo ndio wenye haraka. Usikope. Utarejesha 180,000 kwa kuchukua 150,000, na hukumu ya riba unaijua, sikusomei. Mimi natazama wewe utalipa lini. Ukichukua kumi la mwisho, siku 30 zako zinaangukia Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, wakati ambao hakuna anayetaka mkate wa kumimina hata kwa kulazimishwa. Umeniambia mwenyewe vitumbua vinakupa 6,000. Mwenye deni anataka 6,000. Watoto wale nini, maua ya sare? Na ukishamaliza kulipa, kama utamaliza, Mfungo Tatu iko mlangoni na Idi Kubwa yake. Baina ya Idi hii na ile hata siku 70 hazifiki. Utakopa tena.

Hilo tuliache hapo. Nataka tukae kwenye lile gauni.

Mimi nilikuwa msichana Ng'ambo ya mji wetu huu huu miaka ya mwanzo ya 1970, wakati wa foleni za mchele na sukari. Nguo zilikuwa adimu kuliko dhahabu. Kitambaa kikifika dukani mtaa mzima unajipanga, na sikukuu ikija mtaa mzima umevaa kitambaa hicho hicho. Nakumbuka mwaka mmoja ilikuwa pinki yenye mistari. Mimi pinki, shoga yangu pinki, mtoto wa mwalimu pinki, mama yangu kashonea mto kwa vipande vilivyobaki. Tulicheka sana, tukijiita kuku wa banda moja. Hakuna aliyeazima buibui. Tulivaa sawa kwa sababu sote tulikosa sawa. Binti yako alivaa sawa na wasichana wenzake wasio na baba, akapelekwa uwanjani katikati ya watoto waliochaguliwa nguo na mama zao, kila mmoja na rangi yake. Kule kitambaa kilikuwa kinasomeka kama kibao cha duka.

Halafu mtazame kijana. Naye alivaa cha taasisi, lakini hakuna aliyemjua, kwa sababu kanzu nyeupe ni kanzu nyeupe, ya yatima na ya mwana wa waziri. Siku hiyo hiyo, mkono ule ule uliotoa. Ningekuwa na namna ya kuwakalisha wakuu wa taasisi zetu barazani ningewaambia hilo moja tu kisha niwape kahawa waende zao.

Kwa hiyo jawabu la swali lako la pili: majina wape, ila si kwa simu. Nenda mwenyewe, umtafute mwanamke pale ofisini, maana hawakosi, umwambie mambo mawili. La kwanza, watoto wako hawatapigwa picha zenye sura. La pili, kama inawezekana wakupe kitambaa au fedha ya fundi badala ya gauni lililokwisha kushonwa. Usiende kwa ugomvi, mwanangu, nenda kama mtu anayeshukuru na ana ombi. Watakwambia wafadhili wanataka ushahidi. Hilo ni kweli, wafadhili wanataka. Basi wapige picha majora ya vitambaa, risiti, cherehani inashona, mifuko imepangwa mezani. Sura ya mtoto haina kazi katika hesabu za mtu. Na heshima na faragha ya mtoto zimewekewa ibara nzima, ya 16, katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989. Kabla ya mkataba huo tulikuwa tumeshaambiwa katika Sura Al-Baqara, aya ya 264, tusiziharibu sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Watu wanadhani masimbulizi ni yale ya mdomoni tu, "mimi ndiye niliyekuvisha". Picha inayozunguka kwenye simu miezi sita inasimbulia kuliko mdomo wowote, maana mdomo huchoka.

Wakikataa yote mawili, chukua cha kijana na cha mdogo, cha binti washukuru uwaachie. Miaka 12 si mitano. Mtoto wa miaka mitano akipewa gauni la kijani anazunguka nalo mpaka apate kizunguzungu, hajui limetoka wapi. Wa miaka 12 anajua hata bei.

Na umeshazungumza naye huyo binti? Katika barua yako yote sikuona mahali uliposema naye. Umeambiwa na mdogo wake, ukanyamaza, naye kanyamaza, mwaka unakwisha. Usimwite umkalishe kitako kama mahakamani. Mngoje mnachuja tui au mnachambua mchele, macho yenu yako chini, umwambie: "Lile gauni la mwaka jana, nilikuwa sijui. Pole, mama." Asipojibu usimvute. Ameshasikia.

Sasa ami yao. Mtu anayekulipia umeme si mtu mbaya, na wewe si mtovu wa shukrani kwa kuona kilichotokea. Nimepiga hesabu yake: sita mara 5,000 ni 30,000, na wawili mara 1,000 ni 2,000, jumla 32,000. Watoto wanane. Angeligawa sawa kila mmoja angepata 4,000, noti mbili za 2,000, na asingetoa senti zaidi. Wala hakukosea katika kufikiri. Alisema hawa wameshapata, wacha nipunguze, kama mtu anayegawa chakula. Kwa watoto mkono wa Idi ni kitu chengine. Wanatoka hapo wanakwenda kona ya pili wanafunguana viganja, "Wewe umepata ngapi?", na kila mtoto anajua papo hapo ami yake anamweka wapi. Kijana wako amekusomea matokeo kwa rangi ya noti. Nimempenda, lakini ningependa zaidi akahesabu goli.

Usimwendee wewe. Mjane akimwendea shemeji kwa habari za pesa, hata akisema la haki, linasikika kama dai. Kama mama mkwe wako yu hai, au yuko mzee wa kike anayeheshimiwa katika nyumba hiyo, mweleze, yeye ndiye akamwambie mwanawe: "Mwaka huu wote noti ya namna moja." Akitaka kukusaidia wewe zaidi au kidogo, hayo ni yenu wakubwa, mpeane mlango umefungwa. Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, akigawa sikukuu alikuwa anatia sarafu kwenye kikapu cha ukindu anakifunika kitambaa, kila mtoto anatia mkono anachukua mbili. Wajukuu wa mbali, watoto wa jirani, mtoto wa muuza maji, mbili. Tajiri hakuwa.

Wifi na sare zake: nenda leo. Maana akishanunua jora, neno lako litakuwa hasara yake. Mwambie ukweli, 105,000 huna, na umpe njia ya kutoka bila aibu: ukoo ukubaliane rangi, kila mama atafute chake. Rangi ya buluu iliyoiva, kwa mfano, mwenye hariri atavaa hariri na mwenye pamba atavaa pamba, picha ya ukoo itapendeza vile vile. Pengine wako mashemeji wengine wanaoogopa kusema kama wewe. Akijitolea kukulipia, pokea. Sharti ni moja, watoto wasiambiwe, wa kwako wala wa kwake.

Kijana anataka mseme mnaumwa. Hapana. Ukikubali mwaka huu atajifunza kwamba umasikini ni ugonjwa wa kufichwa ndani, na mwaka kesho itabidi muugue tena. Mtoto wa miaka 9 mwambie hesabu yenu waziwazi, hata hivyo anaijua. Nunueni kibubu cha udongo usiku wa leo. Shilingi 200 kwa siku, siku 45, ni 9,000, watatu wakigawana 3,000 kila mmoja. Yeye ndiye awe mtia sarafu. Akienda Mnazi Mmoja au Kariakoo yetu ya hapa Unguja anajua ana 3,000, anajua zimetoka wapi, na atachagua mwenyewe baina ya pembea, aiskrimu na ile miwani ya plastiki inayovunjika kabla ya magharibi. (Atachagua miwani. Wote huchagua miwani.)

Nguo zenyewe mnaziweza. Ramadhani ukiweka 3,000 katika zile 15,000, kwa siku 25 una 75,000. Kanzu ya kijana ishushwe pindo, umnunulie kofia mpya, mtu akitazama kanzu ya mtoto huwa anatazama kofia. Mdogo atavaa chochote kinachong'aa. Fedha iliyobaki mpe binti mkononi, uende naye sokoni Darajani, utembee nyuma yake, na akichagua kitambaa ambacho wewe hukipendi, nyamaza. Hakuna mahali tulipofaradhishiwa nguo mpya. Sunna ni kuvaa kizuri kuliko vyote ulivyonavyo. Lakini msichana wa umri ule anahitaji kuwa na neno katika kinachokaa mwilini mwake, khasa baada ya mwaka alioupitia.

Kuna jambo moja hukuniuliza. Zaka ya fitri umewahi kuitoa tangu mume wako afariki? Nahisi hapana, nahisi unaipokea. Watu wengi wanaamini ni ya wenye nacho. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mtu akiwa na ziada juu ya chakula cha usiku na mchana wa Idi, chake na cha wanaomtegemea, inamhusu, hata kama na yeye ameletewa. Pishi moja kwa kila kichwa, vibaba vinne, kama kilo mbili na nusu za mchele, na itoke kabla ya swala ya Idi. Ukikosa ya wanne, anza na ya nafsi yako. Usiku wa mwandamo mpe binti kibaba apime yeye, akichote na akisawazishe kwa kiganja, hesabu nne kwa sauti, kisha kijana aupeleke mfuko kwa mtu wa mtaani aliye chini yenu kidogo. Yupo, Jang'ombe hakosekani. Mwambie abishe hodi taratibu, aukabidhi, arudi, asisubiri kushukuriwa. Watoto wako kila sikukuu wanapokea, kwa ami, ukumbini, kwa majirani. Nataka wapite njia hiyo hata mara moja wakiwa wamebeba.

Na usichelewe kwa fundi. Mafundi wa mjini ikifika Ramadhani kumi na kitu wanaanza kukataa kazi, na anayekubali baada ya hapo anakudanganya, utamkuta usiku wa sikukuu anashona upande wa mwisho huku wewe umesimama na taa ya simu.

Lile gauni la kijani, kama bado mnalo, mwulize mwenyewe afanye nalo nini. Akitaka alifumue, mpe wembe na mkae pamoja. Linatoa foronya mbili, tatu mkikata kwa uangalifu. Kitambaa chenyewe umesema kizuri.